Bendera Nyumbani kwa Mkwe

Mimi ni mtu wa Sirari, na mtoto wa Sirari hujifunza kusimama kabla hajajua kukimbia. Pale mpakani kuna bendera yetu upande huu na ya Wakenya upande wa Isebania, na jioni zinaposhushwa kila mtu huganda alipo. Dereva wa lori aliyetanguliza mguu mmoja kwenye ngazi ya gari hubaki hivyo hivyo. Mama yangu alikuwa akiuza chapati, na nimemwona mara nyingi akiiacha chapati iungue kuliko kuigeuza wakati bendera inashuka. Kofi la kwanza ninalolikumbuka maishani nilipigwa kwa kukimbiza kuku saa kumi na mbili jioni, na mpaka leo sijaona sababu ya kulilalamikia.

Nilipoolewa huku milimani, katika kijiji kilicho juu ya barabara ya kwenda Nyangoto, nilidhani mambo ya bendera nimeyaacha mpakani. Nilishuka kwenye gari la harusi nikaona mlingoti umesimama katikati ya uwanja wa wakwe zangu, bendera ya taifa inapepea juu yake. Baba mkwe ni mwenyekiti wa kijiji. Ofisi ya kijiji wakati huo ilikuwa kuta zilizofika usawa wa madirisha. Wananchi wanachangia mawe na mchanga, mvua inakuja inabomoa, wanaanza tena. Basi bendera ikawa inapepea kwake, na mhuri wa kijiji unakaa kwenye kabati lake.

Mzee aliitunza bendera ile kuliko alivyojitunza yeye. Saa kumi na mbili asubuhi alitoka amevaa koti, hata kama chini ana kandambili, akapuliza filimbi na kuipandisha. Jioni alipuliza tena, akaishusha, akaikunja na kuiweka kwenye mfuko wa kitambaa uliokaa upande wa kichwani pa kitanda chake. Filimbi ikilia, wenye ndoo walisimama na ndoo zao, bodaboda walizima pikipiki, wachungaji walisimama njiani. Ng'ombe tu ndio hawakuambiwa, waliendelea na safari yao na kuwasubiri wenyewe mbele.

Sasa ili mtu aelewe shida iliyonikuta, lazima ajue mila ya Wakurya kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Hatupeani mkono. Siingii chumbani kwake, wala yeye haingii kwangu. Kitanda chake sikitazami, nguo zake sifui, na kitu kilichogusa mdomo wake mimi sikitii mdomoni. Namwamkia shikamoo nikiwa mbali, nimeinamisha macho, naye anaitikia akiwa ametazama ng'ombe. Tukiwa na neno la maana linapita kwa mama mkwe, hata kama sote watatu tunasikiana vizuri kabisa. Wageni hucheka. Mimi mwanzoni nilicheka pia, kisha nikaona kwamba ni heshima, na heshima ina raha yake ukishaizoea.

Mwaka ule mimi ndiye mtu mzima pekee mwenye mwili wa kazi aliyebaki nyumbani. Mume wangu anaendesha gari la hoteli ya watalii kule Ikoma, karibu na geti la hifadhi, na huja mwisho wa mwezi. Shemeji zangu wawili walikuwa Nyangoto wanachimba dhahabu kwenye mashimo madogo. Nyumbani tulikuwa Mzee, mama mkwe, mimi na binti yangu wa miaka minne.

Siku moja kamba ilikwama kwenye roda, kile kigurudumu cha juu ya mlingoti. Mama mkwe alimwambia Mzee asubiri vijana wapite waulaze mlingoti chini. Mzee akasema serikali haisubiri vijana. Akaweka kreti la soda juu ya kiti, akapanda, na mimi nikiwa jikoni nikasikia kishindo ambacho sikuhitaji kuulizia. Tulimpeleka hospitali Tarime, akarudi amefungwa hogo zito jeupe la plasta kutoka kifundoni hadi juu ya goti. Njia nzima mama mkwe alikuwa akirudia lile la asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na Mzee, aliyezoea kuambiwa kwamba mkuu ni yeye, alitazama nje ya dirisha la gari. Aliambiwa wiki sita asikanyage.

Vijana waliulaza mlingoti, wakatengeneza roda, wakausimamisha, wakaenda zao. Kazi ya kila siku akaishika mama mkwe. Asubuhi ya kwanza aliipandisha rangi ya bluu ikiwa juu, kijani chini. Mzee akiwa kitandani aliiona dirishani, akapiga kelele hadi mbwa wakaitikia. Asubuhi ya pili iliwekwa sawa. Lakini roda bado ilikuwa inalia, na mama mkwe hakupenda.

"Hii kitu inalia kama ndama aliyeachwa," aliniambia.

Akafanya ambacho mama yeyote wa Kikurya angefanya. Huku kwetu kitu cha thamani hupakwa samli. Mtoto mchanga hupakwa samli, bibi harusi hupakwa samli, ngozi na kigoda cha mzee wa nyumba hupakwa samli ving'ae visipasuke. Mama mkwe akachota samli kwenye kibuyu, akaipaka kamba yote kwa upendo, kisha akaona si vizuri kubagua, akaupaka na ule upindo mweupe wa bendera unaoshika kamba. Akapandisha. Kwa kweli haikulia tena.

Saa sita jua likawaka. Samli ikayeyuka, ikashuka na kamba, ikatambaa kwenye kijani na kufika hadi kwenye nyeusi. Malori ya mgodini yakapita kule barabarani, vumbi likapanda na upepo, likanasa. Jioni kilichoshuka kilikuwa kama tambara la fundi gari. Ncha ya mbali nayo, ile inayopigwa sana na upepo, ilikuwa imeanza kuchanika nyuzi. Mama mkwe aliishika mikononi, akaitazama sana, kisha akakaa chini akalia. Alisema hataigusa tena, mikono yake ni ya kukamulia, si ya serikali.

Kesho yake mlingoti ulikuwa mtupu. Kijijini jambo kama hilo haliwi siri. Kabla ya saa nne alikuwa amefika mwenye duka la njia panda, mjumbe wa serikali ya kijiji, mtu aliyewania uenyekiti dhidi ya Mzee akashindwa na hajawahi kukubali. Alikuja na mtendaji wa kijiji, kijana mpole wa Iringa ambaye huona baridi kidogo na joto kidogo katika kila jambo. Mwenye duka alimpa Mzee pole ya mguu kwa maneno mazuri, halafu akasema kwamba yeye tayari ana mlingoti wa bomba la chuma na amezungushia mawe yaliyopakwa chokaa. Kwa nini bendera ya taifa ipate shida?

Mtendaji akaamua hivi: siku ya Ijumaa jioni wajumbe watafika. Wakikuta bendera ni safi na kuna mtu wa kuipandisha na kuishusha kila siku kwa utaratibu, itabaki. Wasipokuta, itahamia kwa mwenye duka hadi ofisi iezekwe. Ilikuwa Jumanne.

Walipoondoka Mzee hakula. Nilimsikia kupitia ukutani akimwambia mama mkwe kwamba bendera ikihama, na kiti kimehama. Watu watakwenda na matatizo yao kule inakopepea, na yeye atabaki mzee mwenye hogo. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sikuwahi kumsikia hivyo, na iliniuma.

Mimi nina hasira za karibu. Nilikwenda nikasimama nje ya dirisha lake, nimegeukia zizi, nikamwita mama mkwe kwa sauti ambayo hata wa bondeni angesikia. Nikamwambia amwambie baba kwamba mimi naweza. Nimekua chini ya bendera, najua inavyopanda na inavyoshuka. Shida yangu ni moja tu: inalala kichwani pake na anaikunja kwa mikono yake, sasa mimi mkamwana nitaifuaje nguo ya baba mkwe?

Nikasikia kitanda kinalia, akijigeuza na lile hogo. Nilijua nimeuliza jambo zito. Wote tulikuwa tumeichukulia hivyo bila kusema, hata mimi. Nyumba nzima iliamini kwamba ile bendera ni ya Mzee kama koti lake. Ndiyo maana ilikuwa chafu tangu jana na mimi, mfuaji wa nyumba hii, nilikuwa sijainyooshea mkono.

"Mwambie," Mzee akasema, "bendera si nguo yangu. Hata siku moja haikuwa yangu."

Mama mkwe akatoka nayo kwenye mfuko, ameishika kwa ncha za vidole, akaniwekea mikononi.

Nilinunua beseni jipya, kwa sababu beseni zetu zimeona mambo. Samli haitoki kwa maji baridi, na maji ya moto yangeweza kuichuja rangi, kwa hiyo nikatumia uvuguvugu na sabuni ya mche, nikaisugua kwa kiganja bila kuikamua. Nilibadilisha maji mara tano. Kila mara nilikuwa naichungulia ile njano, nikiogopa nyeusi isiihamie, na kila mara nikaikuta njano ni njano. Sikuianika juani, wala sikuianika kwenye kamba moja na magauni yangu ya ndani; niliitundika chini ya upenu wa nyumba, kivulini, nikamweka binti yangu alinde kuku wasipite chini yake. Alilinda kwa fimbo, kwa ukali kunizidi.

Jumatano asubuhi nikashuka nayo Tarime kwa fundi cherehani mmoja ninayemfahamu, Mwislamu ambaye babu yake alikuja kutoka pwani na duka la vitambaa. Alipoona nilichobeba alisimama, akaondoa mabaki ya vitambaa mezani, akatandika kanga safi ndipo akaniruhusu niikunjue. Alinieleza kwamba bendera hufia ncha ya mbali, si karibu na kamba. Akakata nyuzi zilizochanika, akapinda mara mbili, akapiga mishono minne iliyolala pamoja, kwa uzi wa rangi ileile kila ilipobadilika rangi. Alinifundisha kuipiga pasi kwa kuweka kitambaa juu yake, maana ikiguswa na chuma cha moto itasinyaa. Nilirudi nimeipakata ndani ya gari, abiria wakaniachia nafasi kama mtu mwenye kichanga.

Tatizo la mwisho lilikuwa filimbi. Ilikuwa imekaa mdomoni kwa Mzee miaka mingi, na hapo hata yeye asingeweza kunisaidia. Mume wangu kwa simu alisema atanunua nyingine mjini Mugumu, lakini angefika mwisho wa mwezi. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikaona jembe la plau lililochakaa, lile bapa la chuma linalochimba udongo. Nikalifunga kwa waya kwenye tawi la mparachichi karibu na mlingoti, nikaligonga kwa bolti. Mlio wake ulivuka bonde, ukagonga mlima wa pili, ukarudi. Nilicheka peke yangu.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nililigonga. Njia nzima ikageuka kutafuta ni nini. Walipoona bendera inapanda na anayeivuta ni mke wa mtu mwenye kanga kiunoni, wengine walisimama na wengine wakasita. Mama mmoja mwenye kuni kichwani akawa wa kwanza kusimama wima, akawakemea waliosita. Bendera ilifika juu, upepo wa mlimani ukaikamata, ikafunguka safi, kijani, njano, nyeusi na bluu, na mshono wa fundi haukuonekana kabisa. Nilipandwa na fahari.

Mwenye duka hakukaa kimya. Jioni ile habari zilinifikia kwamba anasema kibandani kwake: bendera ya nchi haiwezi kushikwa na mwanamke wa mpakani, leo anapandisha yetu, kesho mtaamka mkute ya Kenya. Watu walicheka, na mimi nikiri, hata mimi nilicheka. Kisha nikapiga pasi kwa nguvu zaidi.

Ijumaa mchana ilinyesha mvua kubwa ya dakika ishirini, uwanja ukajaa madimbwi. Saa kumi na moja na nusu wajumbe wakaanza kufika. Mama mkwe aliwapangia viti chini ya upenu, akaweka meza na chupa za chai na mihogo ya kuchemsha. Mzee alitolewa nje na magongo yake, akakaa pembeni, koti limefungwa vifungo vyote. Mtendaji alifika kwa pikipiki. Mwenye duka hakuonekana, na mtendaji akasema tusubiri. Nikamwambia kwa adabu kwamba saa kumi na mbili haisubiri mjumbe.

Nililigonga plau. Wote uwanjani wakasimama, Mzee kwa magongo. Na pale pale, kwenye mlango wa boma, nikamwona mwenye duka anaingia. Alikuwa anaruka dimbwi. Alikuwa amesharuka nusu, mguu mmoja ukatua katikati ya maji, mwingine bado uko nyuma kwenye matope, na chini ya kwapa amebana mfuko mpya aliouleta wa kubebea bendera. Mlio ukamkuta hapo. Alimtazama mtendaji, mtendaji alikuwa ametazama juu ya mlingoti. Akasimama.

Sikuharakisha. Bendera hushushwa polepole, huo ndio utaratibu, na siku ile niliufuata utaratibu kuliko siku zote. Kiatu cha mwenye duka kilikuwa cha ngozi, cha kahawia. Nilivuta kamba mkono kwa mkono, na nilipoipokea bendera kifuani, pembe zake zote nne zilikuwa juu, hakuna iliyogusa tope.

Hapo nikagundua kosa langu. Jana yake niliikunja peke yangu juu ya meza. Leo meza ilikuwa imejaa chai na mihogo. Chini ni matope. Upepo ulianza kuivuta, na kuikunja bendera vizuri hewani kunahitaji watu wawili. Nilimtazama mama mkwe. Alitikisa kichwa na kuficha mikono yake nyuma. Wajumbe walikuwa wameganda, maana watu hawasogei mpaka bendera ikunjwe. Nilikaa na ule mzigo mikononi nikiona siku zangu tatu zinaelekea matopeni.

Nikasikia magongo. Mzee alikuwa anakuja, hatua kwa hatua, akizunguka madimbwi. Alifika mbele yangu, akaegemeza gongo moja mlingotini, akabana la pili kwapani, akanyoosha mikono yote miwili. Sikuinua macho. Nilimpa pembe mbili za upande wake, tukaitandaza katikati yetu. Miaka saba katika nyumba ile, na hatujawahi kushika kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Tukakunja kwa urefu. Tukakunja tena. Kisha ikabaki ile sehemu ambayo mnasogeleana, mmoja anampa mwenzake pembe zake. Alisogea. Mimi nikasogea. Mmoja wa wazee wajumbe alikohoa, kikohozi cha kumkumbusha mtu jambo. Mzee akasimama hatua moja kutoka kwangu, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe alisema nami mwenyewe, bila kupitia kwa mtu.

"Pokea, mwanangu."

Akaziweka pembe mikononi mwangu. Vidole vyake vilikuwa vikavu. Akamgeukia mtendaji akamwambia aandike kwamba bendera inabaki hapa, na mtunzaji wake ni huyu. Mtendaji akasema ameandika, ingawa kalamu ilikuwa bado mfukoni.

Niliibeba hadi nyumbani kwangu, si chumbani kwake, nikapita mbele ya wanaume wote wakiwa wamesimama. Nikaifungia kabatini. Kisha nikakaa kitandani, nikaziba mdomo kwa kanga, nikalia kwa furaha kama mtoto. Huko nje nilimsikia Mzee akiwaambia watu kwamba sasa wanaweza kukaa.